Safari ya Makunduchi kwa Gari ya Shamba

Mtu atakaye kuijua kusini ya kisiwa cha Unguja ana njia mbili za kutoka mjini hadi Makunduchi, mwendo wa kiasi cha kilomita 60: aweza kukodi gari ya peke yake, akafunga vioo na kufika upesi, akiwa ameona barabara na miti basi, au aweza kupanda gari ya shamba yenye nambari 310 usoni, akakaa bega kwa bega na watu ambao njia ile ndiyo maisha yao, akachelewa kidogo kufika, lakini akafika akiwa amejua jinsi mji na vijiji vinavyolishana na kuhurumiana. Mimi nilipotakiwa kwenda kumzuru mzee mmoja, sahibu wa marehemu baba yangu, ambaye miguu yake haimruhusu tena kuja mjini, niliichagua njia ya pili. Na naiandika habari ya safari ile kwa kuwa naamini kwamba gari hizi, ambazo wengi huziona ni kero ya barabarani, zimehifadhi tabia njema ambayo hatuna budi kuitunza isije ikapotea kwa kughafilika kwetu.

Nilifika soko la Mwanakwerekwe, zinapoondokea gari hizo, baada ya sala ya adhuhuri, wakati ambao wachuuzi wa vijijini, waliokuja tangu alfajiri kuuza na kununua, hujikusanya kurejea makwao. Kila gari hapo ina nambari yake, na mzaliwa wa kisiwa hana haja ya kuuliza: 308 huenda Unguja Ukuu, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, na 326 Kizimkazi. Gari niliyoipanda ilikuwa ya namna ya zamani, namna ambayo siku hizi yazidi kupungua mbele ya mabasi madogo yaliyofungwa pande zote: lori dogo lililoletwa kutoka ng'ambo, kisha mafundi seremala wa hapa hapa kisiwani wakalijengea bodi ya mbao, wakalitia mabenchi marefu yanayotazamana, wakaliezeka paa imara la kuchukua mizigo, wakaziacha mbavu zake wazi ili upepo upite, na wakafunga turubai la kukunjwa wakati wa jua na kuteremshwa wakati wa mvua. Sikuweza kuitazama kazi ile nisiwakumbuke wajenzi wa majahazi, maana aliyeijenga gari ile aliifikiria safari ya nchi kavu kwa akili ya watu waliozoea bahari, ambao hujua kwamba chombo si cha kumchukua mtu tu, bali ni cha kumchukua mtu pamoja na riziki yake.

Na riziki ilikuwa nyingi. Juu ya paa zilipandishwa gunia za mchele na unga, mabati yaliyofungwa kwa kamba, godoro la bwana harusi mtarajiwa, baiskeli mbili, madumu ya mafuta, makapu ya vitunguu, na kitanda kilichofunguliwa miguu. Utingo, kijana mwembamba mwenye sauti ya kusikika soko zima, aliipanga mizigo ile kwa ilimu ambayo haikuandikwa kitabuni: mzigo wa Makunduchi hutangulia kupanda, wa Muyuni hufuata, na wa Tunguu huwekwa mwisho, ili atakayeshuka mwanzo asilazimike kuifukua mizigo ya wenziwe. Hakuandika jina la mtu wala hakubandika alama yoyote; alitazama mzigo, akamtazama mwenyewe, ikatosha.

Kabla hatujaondoka alikuja mbio kijana mmoja aliyevaa nguo za kazi, mkononi ana mfuko mdogo uliofungwa fundo.

"Kaka, dawa ya mama hii, Muyuni," alisema huku akihema. "Mtoto wa dada atakuwa hapo kwenye mwembe."

"Bi mkubwa yule aliyevunjika mkono?"

"Huyo huyo."

"Anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, alhamdulillahi."

"Basi itafika, inshallah."

Huo ndio uliokuwa mkataba wote. Hapakuwa na stakabadhi, wala shahidi, wala ahadi ya malipo. Kijana aligeuka akarudi kazini kwake bila ya kutazama nyuma, na utingo hakuuweka mfuko ule juu ya paa pamoja na vitunguu, bali alimpa dereva, naye akauweka mbele yake karibu na usukani, mahali ambapo macho yake yangeuona njia nzima. Nilitambua hapo kwamba nimepanda gari yenye mzigo wa aina mbili: ule unaolipiwa nauli, na ule unaobebwa kwa imani, na ijapokuwa wa pili ulikuwa mwepesi wa kutiwa mfukoni, ndio uliotendewa taadhima kubwa zaidi.

Tulianza safari. Kila aliyepanda njiani alitoa salamu kwa wote waliokuwamo, nao wote wakamwitikia, wakasogeleana ili apate pa kukaa, hata pale ambapo jicho lingeapa kwamba hapana nafasi tena. Bibi mmoja alipopanda Jumbi na kikapu chake, kijana aliyekuwa karibu na mlango aliinuka kabla ya kuambiwa, akakipokea kikapu, akamwamkia, kisha akenda kusimama nyuma pamoja na utingo. Na mtoto mchanga wa mama aliyekuwa mbele yangu alipitishwa mkono kwa mkono hadi kwa bibi huyo, ambaye hakuwa na ujamaa naye, akalala mapajani mwake mpaka mama yake alipoteremka. Katika mji wetu mambo haya huhubiriwa, na ni vema yahubiriwe. Katika gari ile yalitendwa, na hakuna aliyeyaona kuwa ni jambo la kusifiwa.

Tunguu walishuka wanafunzi wa chuo kikuu na vitabu vyao. Chuo Kikuu cha Zanzibar kimekuwa hapo tangu mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa nacho kina kampasi yake hapo hapo, hata mahali palipokuwa kijiji cha kawaida pamekuwa maskani ya elimu. Nilimsikia muuza samaki mmoja akimuuliza binti mwenye vitabu anasomea nini, na binti akamjibu kwa adabu na kwa kirefu kwamba anasomea ualimu wa hesabu. Na kwa muda wa vijiji viwili walikuwa wamezungumza juu ya faida na hasara, mmoja kwa ilimu ya darasani na mwingine kwa ilimu ya sokoni, kila mmoja akimheshimu mwenziwe. Sijui ni mahali gani pengine ambapo watu wawili hawa wangekutana wakakaa benchi moja.

Baada ya Tunguu tuliingia Bungi, chini ya miembe mikubwa iliyopangana kando ya njia, ambayo watu huinasibisha na Bi Khole, binti wa Sayyid Said bin Sultan aliyefariki mwaka 1856. Jumba la Bi Khole limekuwa magofu upande wa bahari, lakini miembe ingali inatoa kivuli kwa kila apitaye, tajiri na maskini. Na gari ilipopita chini yake abiria walinyamaza kidogo, kwa raha ya baridi ile iliyoingia mbavu zote mbili kwa pamoja. Mbele yake kuna njia ya Unguja Ukuu, mji wa kale ambao wachunguzi wamechimbua ardhini mwake vyombo vilivyoletwa kwa bahari kutoka nchi za mbali kabla ya mwaka 1000. Penye njia hiyo alishuka mzee mmoja na mpini mpya wa jembe.

Kuanzia hapo nchi hubadilika, na anayetaka kuifahamu kazi ya gari ya shamba sharti alitazame badiliko hilo kwa makini. Upande wa magharibi na katikati ya Unguja ardhi ni nzito na yenye rutuba, na huko ndiko ilikostawi mikarafuu, minazi na michungwa. Ama upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe, mwamba wa matumbawe uliofunikwa udongo haba, ambapo mkulima hutafuta mfuko wa udongo baina ya jiwe na jiwe na kuupanda mtama, kunde au muhogo. Watu wa uwanda, kwa hivyo, hawakupata kamwe kuishi kwa ardhi peke yake. Wameishi kwa bahari, kwa kuni, kwa chokaa ya kuchoma tanuuni, kwa kamba za usumba. Na tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani, wanawake wengi wamekuwa wakilima baharini kama waume zao wanavyolima barani. Mtu wa namna hii hulazimika kubadilishana. Samaki wake sharti wafike mjini kabla ya jua kali, na mchele wa mji sharti ufike kwake kabla ya chungu kutelekwa. Kwa hivyo, gari ikosekanapo siku moja, si msafiri peke yake anayeona taabu. Chungu cha jioni nacho huchelewa.

Tulipokaribia msitu wa Jozani dereva alipunguza mwendo. Matuta yamewekwa barabarani hapo kwa ajili ya kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu ambaye asili yake ni Unguja na hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani, na ambao wengi wao waliuawa na magari hapo zamani. Msitu huo pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na wageni huja kutoka kila pembe ya ulimwengu kuwatazama kima hao. Lakini mkulima wa Pete na Kitogani, ambaye kima hula majani na matunda ya shamba lake, ndiye anayeilipia hifadhi hiyo kwa jasho lake, na ni haki tumkumbuke kila tuusifupo msitu. Kima watatu walivuka mbele yetu bila haraka, mmoja na mwanawe kifuani, na gari nzima ikangoja.

Kitogani ni njia panda: mkono wa kushoto huenda Paje, na mkono wa kulia huenda Muyuni na Makunduchi. Hapo tuliikuta gari ya Jambiani imesimama, na madereva wawili wakazungumza dirisha kwa dirisha huku mizigo midogo ikihamishwa kutoka paa hili hadi lile. Katika mazungumzo hayo tulipata habari kwamba bibi mmoja wa Nganani, Makunduchi, amefariki asubuhi, na kwamba maziko yatakuwa kesho saa nne. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," abiria waliitikia kwa pamoja. Na tangu hapo utingo hakuisimamisha gari mahali popote bila ya kuitangaza habari ile, akimtaja marehemu kwa jina la babake na kwa mtaa wake, ili asibaki jamaa yake yeyote kandokando ya njia asiyejua. Kabla hatujafika mwisho wa safari, kila kijiji baina ya Kitogani na bahari kilikwisha kuwa na wajumbe waliojiandaa kwenda kuzika. Simu zimejaa siku hizi, na habari nyingi husafiri kwa simu. Lakini simu humfikia yule ambaye nambari yake inajulikana, ilhali gari ya shamba humfikia kila akaaye kando ya njia.

Muyuni nilimwona mtoto wa kiasi cha miaka tisa amesimama chini ya mwembe. Gari ilikuwa bado haijasimama, naye dereva alikwisha kuunyosha mkono wenye mfuko. Mtoto aliupokea kwa mikono miwili, akamwamkia, kisha akatoa kifuko cha ndimu.

"Bibi amesema apewe mjomba kesho. Na amesema Mungu akuwekeni."

"Amina. Mwambie tunamwombea shifaa."

Utingo alipiga bodi kwa kiganja, gari ikaondoka, na ndimu zikakaa mahali pale pale ilipokuwa dawa.

Tukaipita njia iendayo Kizimkazi, ambako msikiti wa kale wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107, na jioni ikiingia tukafika Makunduchi. Ni mji wa mitaa iliyotapanyika baina ya minazi na mawe, yenye nyumba zake za kale na ghorofa za maendeleo zilizojengwa baada ya Mapinduzi, na sifa yake imeenea kwa sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanywa kila Julai, wakati ambao gari za shamba huleta watu wengi kuliko siku yoyote ya mwaka. Gari ilinishusha mlangoni hasa kwa mwenyeji wangu, maana utingo alipojua ninakwenda kwa nani, hakukubali nishuke kituoni nikatafute njia kwa miguu.

Usiku, baada ya wali kwa pweza, nilimsimulia mzee yale niliyoyaona, nami nikamwomba aniambie watu walisafirije kabla ya gari kuwapo. Mjini garimoshi ilianza kwenda tangu mwaka 1905, lakini reli yake ilikomea Bububu, maili 7 upande wa kaskazini, na haikudumu sana kabla ya kushindwa na barabara. Kusini haikupata kuijua hata siku moja. Mzee alitabasamu, akaitazama fimbo yake.

"Wazee wetu, mwanangu, kama upepo haukuwa mwema wa kwenda kwa ngalawa, walikwenda kwa miguu, mzigo kichwani, na usiku wakalala njiani kwa watu wasiowajua. Mgeni hakuulizwa atokako ila baada ya kula. Na mtu aliyekwenda mjini hakwenda kwa haja yake tu. Alikuwa na salamu za mtaa mzima, na fedha za watu, na deni la huyu, na barua ya yule. Akipoteza kitu cha mtu, hakurudi na uso. Basi gari zilipokuja hatukuiacha desturi ile. Tuliipandisha garini."

Niliondoka kesho yake kabla ya mapambazuko, na sasa gari ilikuwa imegeuka sura. Juu ya paa kulikuwa na makuti, kuni, mafurushi ya mwani mkavu na mikungu ya ndizi. Chini kulikuwa na ndoo za pweza na changu zilizofunikwa kwa majani, na wanawake waliojifunga kanga, ambao kila mmoja alijua bei ya jana sokoni na alikuwa akiipima ya leo kwa kuuliza nani amepata samaki na nani amekosa. Kabla ya Kitogani, bei ilikwisha kukubaliwa baina yao, na aliyekuwa na samaki wachache aliahidiwa kwamba wake watauzwa mwanzo, kwa sababu ana mgonjwa nyumbani. Hapo niliona soko lenye insafu likifanyika ndani ya gari inayokwenda, bila ya karani wala mizani. Tulipofika Mwanakwerekwe, yule kijana wa dawa alikuwa amekwisha kufika, akazipokea ndimu za mama yake, akanusa moja, akacheka, akaenda zake kazini.

Sisemi kwamba gari hizi hazina kasoro. Mzigo kupita kiasi ni hatari, mtu kuning'inia nyuma ni hatari kubwa zaidi, na mbao zilizochoka hazistahiki kuaminiwa roho za watu. Wanaotunga sheria za usalama wana haki, na abiria wa vijijini wanastahiki breki nzima na kiti cha heshima kama wanavyostahiki abiria wa mjini. Barabara nazo zipanuliwe, maana mgonjwa wa Makunduchi anayepelekwa hospitali kuu hana muda wa kupoteza. Lakini katika kutengeneza, na tutazame tunachokivunja. Basi jipya lisilo na paa la mizigo humwambia mvuvi kwamba yeye ana nafasi na samaki wake hawana. Ratiba isiyoruhusu kusimama ila vituoni humwambia bibi wa Muyuni kwamba atembee na mkono wake uliovunjika. Na utingo aliyekatazwa kupokea kifuko cha mtu kwa kuwa hakina stakabadhi hufundishwa kuwa mgeni katika njia yake mwenyewe. Hasara hizo hazitaonekana katika hesabu ya tajiri wa gari wala ya serikali. Zitaonekana vijijini, polepole, pale ambapo watu wataacha kupeana amana kwa kuwa hawana tena mtu wa kuibeba.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye madaraka ya njia na kwa wenye kununua gari ni jepesi: watengenezapo gari mpya za shamba, wawaulize kwanza wanaozipanda. Wamuulize mwanamke wa mwani apate wapi pa kuliweka furushi lake, wamuulize mwanafunzi wa Tunguu gari ya mwisho hupita saa ngapi, na wamuulize utingo mzigo hupangwaje. Majibu yao yatakuwa na faida kwa usalama, na yatakuwa na faida kwa biashara pia. Na zaidi ya hayo yatauhifadhi uaminifu ule ambao wazee waliubeba vichwani, watoto wao wakaupandisha garini, na ambao sisi tuna wajibu wa kuwakabidhi wajao haujapungua kitu.